Dokta, hizo seli zinajuaje njia?

Tangu tuandike habari za kupandikiza uboho maswali hayajakatika, na ukiyasoma yote unaona watu wanauliza kitu kile kile kwa namna tofauti: seli shina, yaani zile seli mama zinazozaa seli nyingine, zikishaingia mwilini zinafikaje kule zinakotakiwa. Nimechukua machache, yaliyofanana nimeyaunganisha, ambaye hajaona lake asinune.

SWALI: Shikamoo dokta. Mdogo wangu ana saratani ya damu na amepandikizwa uboho juzi juzi tu. Sisi tulijua watamtoboa mifupa wamwekee humo, kumbe wametundika kimfuko kama cha damu, kikaingia kwa mpira wa kifuani, kikaisha, basi! Nikamuuliza nesi sasa zinafikaje mifupani, akanijibu "zinajua zenyewe". Kweli zinajua au alikuwa ananituliza? – Dada Mkubwa

JIBU: Marahaba dada, na pole kwa kuuguza. Nesi hajakudanganya, amefupisha tu stori ndefu sana.

Kwanza ondoa ile picha ya seli inaogelea kuelekea mfupani. Haiogelei. Inabebwa na damu, inatoka kwenye mpira inaingia moyoni, moyo unaisukuma mapafuni, inarudi tena moyoni halafu inasambazwa mwili mzima, kichwani, tumboni, miguuni, popote damu inapofika. Kwa hiyo kila kiungo kinapitiwa. Ishu ni wapi zinashuka na kubaki.

Ndani ya uboho kuna seli wenyeji ambazo kazi yao mojawapo ni kumwaga protini inayoitwa CXCL12, ni ya kundi la kemokaini, yaani protini za kuita seli. Na seli shina ya damu juu ya utando wake ina kipokezi kinachoitwa CXCR4 ambacho kinaitambua hiyo protini. Chukulia mtu yuko gizani anafuata sauti ya ngoma, ikizidi kusikika anajua anakaribia, ikififia anageuka. Seli nayo inapima CXCL12 iko nyingi upande gani, na huko ndo inaelekea.

Sasa mishipa ya mle kwenye uboho ni mipana na damu yake inakwenda taratibu. Ukutani kuna protini zinaitwa selektini, hizi zinainasa seli kidogo tu, haisimami, inabiringika ukutani huku inapunguza mwendo, inanaswa inaachiwa, inanaswa inaachiwa. Kule kubiringika kunaipa muda wa kukutana na CXCL12 iliyoganda kwenye ukuta huo huo, na CXCR4 ikishaguswa taarifa inaingia ndani, na kufumba na kufumbua protini nyingine za seli zinazoitwa integrini zinabadilika umbo na kung'ang'ania ukuta. Hapo seli imesimama kabisa, damu inaipitia na haiing'oi tena. Halafu inatoa mguu mbele kwa kusukuma nyuzi za aktini zilizomo ndani yake, inajibana, inapenya kwenye upenyo kati ya seli za ukuta, inatokea upande wa pili na kutambaa hadi pale penye zile seli wenyeji. Safari yote hiyo ni saa chache, siku moja mbili hivi.

Lakini kufika sio kuota. Baada ya hapo inabidi itulie, igawanyike, izae seli za damu, ndo maana mmeambiwa msubiri, kwa kawaida chembe nyeupe zinaanza kuonekana kwenye vipimo kati ya wiki 2 na wiki 4. Na ile kemotherapi kali aliyopewa kabla, pamoja na kuua saratani, ilikuwa inaondoa seli shina za zamani ili wageni wapate pa kukaa. Wageni wakikuta nafasi zimejaa wanazunguka wee mwisho wanaishia wengu au ini. Hata zikiwepo nafasi, sio zote zinafika, sehemu inapotelea njiani na ndo sababu mojawapo madaktari wanataka mfuko uwe na seli za kutosha, angalau milioni 2 zenye CD34, alama inayotambulisha seli shina za damu, kwa kila kilo ya mgonjwa. Damu ya kitovu cha mtoto mchanga, ambayo nayo inatumika kupandikiza, ina shida hapo, seli zake ni chache na zinachelewa kuota, wakati mwingine wametafuta njia ya mkato na kuzidunga moja kwa moja kwenye mfupa wa nyonga.

Kitu kinachonifurahisha mimi ni kwamba barabara hii haikuchongwa na madaktari. Mtoto akiwa tumboni seli zake shina za damu zinazaliwa kwenye ukuta wa mshipa mkubwa, aota, zinahamia kwenye ini, halafu kadiri mifupa inavyokomaa zinahamia kwenye uboho. Wote tumepitia hiyo safari. E. Donnall Thomas wa Marekani alipoanza kuwatundikia wagonjwa uboho kwenye mshipa wa damu, ripoti yake ikatoka 1957, hakuna aliyekuwa anaijua CXCL12 wala CXCR4, hizo zimekuja kujulikana miaka ya 1990. Yaani mwaka 1990 alipopewa Nobel dunia ilikuwa bado haijui vizuri seli zinafikaje, ila zilikuwa zinafika!

SWALI: Dokta, mume wangu alirudishiwa seli zake mwenyewe zilizokuwa zimegandishwa, tangu hapo chumba kizima kinanuka kitunguu saumu na hajala kitunguu saumu. Ni kawaida? – Mke wa Mgonjwa

JIBU: Kawaida kabisa. Ni dawa inaitwa DMSO, wanaichanganya na seli wakati wa kugandisha ili barafu isizipasue. Mwili unaitoa kwa njia ya pumzi na jasho, siku moja au mbili harufu inakwisha. Yeye mwenyewe huenda hata haisikii, wageni ndo watakaolalamika.

SWALI: Habari dokta. Kaka yangu anahitaji seli shina na mimi ndo niliyelingana naye. Nimekubali ila nina hofu. Mmoja kaniambia watanitoboa uti wa mgongo, mwingine kasema siku hizi wanatoa kwenye damu tu. Kama seli zinapenda kukaa kwenye mfupa, kwenye damu zinatoka wapi? – Kitinda Mimba

JIBU: Salama mdogo wangu, hongera kwa moyo huo. Uti wa mgongo haumo kabisa kwenye habari hii. Njia ni mbili. Ya kwanza wanakulaza usingizi na kuvuta uboho kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga, nyuma. Ya pili ni hiyo ya damu, na swali lako kuhusu hiyo ni zuri kuliko unavyojua.

Hata sasa hivi ukiwa unasoma hapa kuna seli shina chache ziko kwenye damu yako, zinatoka kwenye uboho, zinazunguka, zinarudi. Kwenye panya imeonekana hata zinafuata saa ya mwili, kuna wakati wa siku zinatoka nyingi na wakati zinatoka chache, utafiti huo ulitoka 2008. Ila ni chache mno huwezi kujaza mfuko. Kwa hiyo wanakupa sindano za G-CSF siku nne au tano. Dawa hii inaamsha chembe nyeupe mle kwenye uboho, zinamwaga vimeng'enya vinavyokatakata ile mishikio, na CXCL12 yenyewe inapungua, basi seli shina zinakosa cha kuzishikilia zinamwagika kwenye damu. Wengi wanaumwa mifupa siku hizo, mgongo wa chini na nyonga hasa, na mwili unakuwa kama una mafua makali. Inauma lakini inapita, waulize wakupe dawa ya maumivu usijikaze bure.

Siku ya kukusanya unalazwa kitini, sindano mkono huu na sindano mkono ule, damu inatoka upande mmoja inaingia kwenye mashine inazungushwa, seli zinazotakiwa zinabaki, nyingine zote unarudishiwa upande wa pili. Saa 4 hadi 6. Ukisikia midomo au vidole vinawasha kama ganzi mwambie nesi mapema, ni dawa ya kuzuia damu isigande inayoshika kalsiamu yako, wanakupa kalsiamu inaisha. Na nenda haja kabla hujaunganishwa, hili hawalisemi kwa mkazo wa kutosha.

Kuna watu G-CSF peke yake haiwatoshi, hasa wagonjwa waliopigwa kemotherapi nyingi ambao wanakusanyiwa seli zao wenyewe. Hapo kuna dawa ya pili, plerixafor, inakwenda moja kwa moja kuziba CXCR4, seli haiisikii tena CXCL12 inajikuta imeachia. Stori ya dawa hii ni tamu. Ilitengenezwa kupambana na virusi vya UKIMWI, kwa sababu baadhi ya virusi hivyo vinatumia CXCR4 hiyo hiyo kuingilia kwenye seli. Kwenye majaribio wakaona chembe nyeupe za watu zinapanda bila sababu, kumbe dawa inafungulia uboho! Marekani waliiruhusu kwa kazi hiyo mpya Desemba 2008. Na kwa wenye selimundu ndo mkombozi, maana G-CSF kwao ni hatari, inaweza kuwaletea maumivu makali hata kuua, kwa hiyo wale wanaofanyiwa tiba mpya ya jeni, zilizoruhusiwa Marekani Desemba 2023, seli zao zinakusanywa kwa plerixafor bila G-CSF.

Na kinyume chake kipo pia. Kuna ugonjwa wa kurithi unaitwa WHIM, CXCR4 yao haizimi, inasikia CXCL12 kupita kiasi, basi chembe nyeupe zinakwama kwenye uboho hazitoki na mtu anaugua maambukizi kila mara. Mwaka 2015 jarida la Cell lilieleza habari ya mama mmoja aliyezaliwa na ugonjwa huo akapona mwenyewe ukubwani. Walipochunguza wakakuta seli shina yake moja, moja tu, kromosomu yake moja ya namba 2 ilivunjikavunjika na kujiunga ovyo ovyo, ikapoteza jeni 164, na kati ya zilizopotea ni ile CXCR4 mbovu. Seli hiyo ikashinda wenzake ikazaa chembe nyeupe zake nyingi, isipokuwa zile za kundi la limfosaiti. Ajali ambayo kwa kawaida inaleta saratani ikamponya mtu. Nikisoma vitu kama hivi nakosa la kusema.

SWALI: Dokta shikamoo. Mama yetu ana magoti mabovu na figo zimeanza kusumbua. Kuna kliniki tumewapigia simu, wanasema drip moja ya seli shina za mafuta inatosha kwa vyote kwa sababu "seli zinatafuta zenyewe palipoharibika". Sasa kama za uboho zinajua njia, hizi nazo si zitajua? Tunataka kuuza kiwanja. – Watoto wa Mama

JIBU: Marahaba. Kiwanja msiuze kwanza, tuongee.

Hoja yao inasikika vizuri kwa sababu imeazima ukweli wa upande mwingine. Seli shina za damu zinajua njia ya uboho kwa sababu zimezaliwa na kipokezi chake na uboho unaziita. Hizo za mafuta ni aina nyingine, mara nyingi zinaitwa seli shina za mesenkaima, na wakati mwingine sio hata hizo, ni mchanganyiko tu wa kila kitu kilichotoka kwenye mafuta. Zina ukubwa wa maikromita 15 hadi 30 hivi, na mishipa midogo ya mapafu haifiki hata maikromita 10. Sasa kumbuka ile njia ya drip niliyoieleza juu, mshipa, moyo, mapafu. Kituo cha kwanza ni mapafu na hapo hapo sehemu kubwa inakwama, nyingi zinakufa ndani ya siku chache. Goti la mama haliwi hata na habari kama kuna mgeni alikuwa anakuja. Figo hivyo hivyo.

Halafu zikikuzwa maabara kwenye vyombo vya plastiki zinanenepa na zinapoteza CXCR4 waliyokuwa nayo, yaani hata ikitokea imepita mapafu imeshakuwa kiziwi. Watafiti wanaijua shida hii na wanahangaika nayo. Mwaka 2008 kundi la Robert Sackstein kule Marekani lilibadilisha sukari zilizoko kwenye protini moja ya juu ya seli hizi, CD44, ili selektini za mishipa ya uboho zizinase, na kwenye panya seli zikaenda mfupani kweli. Ona ilivyobidi kufanya kazi, kubadilisha ngozi ya seli, ndo iende sehemu moja. Hao wa kwenye simu wanakwambia inakwenda sehemu zote bila kufanyiwa chochote!

Nisiwe mnafiki lakini, drip ya seli hizi sio kwamba haifanyi kitu kabisa. Mwaka 2009 ulitoka utafiti wa panya wenye shambulio la moyo, seli zilikwama mapafuni kama kawaida, ila zikiwa hapo hapo zikamwaga protini inaitwa TSG-6 inayopoza uvimbe, na moyo ukapata nafuu kwa mbali. Na Desemba 2024 Marekani waliruhusu dawa ya kwanza ya aina hii kwao, Ryoncil, kwa watoto ambao baada ya kupandikizwa seli za mtu mwingine zile seli zimeanza kushambulia mwili wao na steroidi zimeshindwa. Inatundikwa kwenye mshipa. Lakini kazi yake ni kutuliza kinga ya mwili, hakuna anayedai inakwenda kujenga goti.

Hata kuweka seli pale pale panapouma sio mwisho wa shida. Kwenye moyo walijaribu sana, wanadunga seli kwenye msuli wenyewe, na bado moyo unapiga, damu inasukuma, sehemu kubwa inasombwa, zinabaki asilimia chache tu. Na zinaweza kubaki mahali zikafanya yasiyotakiwa: mwaka 2009 iliripotiwa habari ya kijana aliyepelekwa Moscow mara kadhaa kudungwa seli za neva za kutoka kwenye vijusi, akaja kuota uvimbe kwenye ubongo na uti wa mgongo, na vipimo vikaonyesha uvimbe umetokana na seli za watu wengine. Mwaka 2017 jarida la madaktari la New England liliandika kuhusu wanawake watatu Florida waliodungwa seli za mafuta machoni, macho yote mawili kwa siku moja, wakapoteza uoni. Walikwenda wakiwa bado wanaona.

Kwa hiyo wapigieni tena simu muwaulize seli ni za aina gani hasa, zinapitia wapi, ni kiasi gani kinafika kwenye goti na wamejuaje kuwa zimefika, zinakaa muda gani. Na muulize kama ni utafiti uliosajiliwa, na kama ni utafiti kwa nini mnalipishwa bei nzima. Mkijibiwa "zinajua zenyewe" mmeshapata jibu.

SWALI: Vipi kuhusu vidonge vya "kuamsha seli shina"? Vinasema vinaongeza seli shina kwenye damu kwa asilimia kadhaa. – Mpenda Afya

JIBU: Hata ukikimbia kwa nguvu zinapanda kidogo kwenye damu halafu zinashuka. Na wale wachangiaji wanaopigwa G-CSF damu yao inajaa seli shina mara nyingi kuliko kidonge chochote kinavyoweza kuota, mbona hawatoki pale na magoti mapya na nywele nyeusi? Wanatoka wanaumwa mgongo. Hiyo G-CSF imeshajaribiwa hata kwa watu waliopata shambulio la moyo, seli zikamwagika kwenye damu kweli, na majaribio yalipojumlishwa nguvu ya moyo haikuwa imeongezeka kuliko kwa wale wasiopewa. Seli za damu zikitoka zinasubiri kurudi kwao. Nunua matunda.

SWALI: Dokta, na ubongo? Baba ana Parkinson, nasikia seli shina zimeshaanza kutumika. Zinapita kwenye damu hadi ubongoni? – Binti wa Mzee

JIBU: Hapana, ubongo una ukuta wake kati yake na damu, mchujo mkali, drip haifai. Wanapasua tundu dogo kwenye fuvu na kupitisha sindano nyembamba mpaka mahali penyewe.

Ajabu ni kwamba ubongo wenyewe una seli shina zinazotembea. Kwenye panya zinazaliwa kando ya vyumba vya maji ya ubongo na kutambaa mbele hadi sehemu ya kunusia, zimeshikana mnyororo, moja inatambaa juu ya mgongo wa mwenzake, milimita kadhaa. Kwa binadamu njia hiyo imeonekana kwa watoto wachanga, ikifika miezi 18 hivi imeshakwisha kwa kiasi kikubwa. Na kuna kitu kilichogunduliwa mwaka 2000, ukiweka seli shina za neva upande mmoja wa ubongo wa panya mwenye saratani ya ubongo, zinavuka hadi upande wa pili kuufuata uvimbe, hata zile seli za saratani zilizojitenga mbali zinazifuata. Hospitali ya City of Hope kule California wakalifanyia kazi kwa wagonjwa, seli zinabeba kimeng'enya kinachogeuza dawa isiyo na madhara kuwa kemotherapi pale pale penye uvimbe. Bado ni utafiti.

Kwa Parkinson ya baba, Aprili 2025 jarida la Nature lilitoa majaribio mawili kwa pamoja, moja la Japani lenye watu 7, lingine la Marekani na Kanada watu 12. Lengo kubwa lilikuwa usalama na hapo zilifanya vizuri, seli zilikaa, zikatoa dopamini, ile kemikali ya ubongo inayopungua kwa Parkinson, uvimbe haukutokea, na baadhi walipata nafuu ya kutembea na kutetemeka, ingawa kwa idadi ndogo hivyo usianze kuhesabu. Angalia lakini walipoziweka. Neva zinazokufa kwa Parkinson zinaishi chini, kwenye shina la ubongo, na zinapeleka nyuzi zao juu hadi sehemu inaitwa putameni, ndiko dopamini inakotakiwa. Ukizipanda nyumbani kwao kule chini, kwenye ubongo wa mtu mzima nyuzi zina kazi kubwa mno kuota mpaka juu. Basi wakaamua waache kuzitarajia zisafiri, wakazipanda kwenye putameni moja kwa moja. Muulize daktari wa neva wa baba kama kuna jaribio lililosajiliwa analoweza kuingia, na dawa zake za sasa asiache kwa sababu ya habari hii.